Bibi Ndiye Aliyejua Tulikohamia

Ukimsikia mtu anasema kisa hiki nimekitunga, mlete kwangu nimtazame usoni. Mimi ni mkunga. Nimepokea watoto wengi katika bonde hili la Kilombero, na mkunga muongo haitwi mara ya pili. Haya yalinipata mimi mwenyewe, saa sita mchana, jua la utosi, akili zangu zote ninazo na mwiko mkononi. Najua visa vya namna hii huanza usiku, mbwa wanalia, kibatari kinazimika. Changu hakina mbwa wala kibatari. Kina barua, mboga na mpapai.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Tulikaa Mofu, baba, mama na mimi, msichana wa miaka kumi na saba. Nilijua kusoma na kuandika, na kwa hilo nilijiona kweli kweli. Nilikuwa nimefanya mtihani wa kuingia mafunzo ya ukunga katika hospitali moja ya misheni, ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge. Jina silitaji, maana wao hawakunikosea kitu. Mtawa aliyetusimamia alituambia, "Majibu yatakuja kwa barua. Ukiitwa usipofika siku uliyoandikiwa, nafasi yako anapewa mwingine. Na ukihama, andika utujulishe ulipo." Kwenye fomu nikajaza: kwa katekista, Mofu. Nikarudi nyumbani kusubiri. Niamini, sikutaka kitu kingine duniani. Nilikuwa nikilala naota vitoto vichanga.

Masika ya mwaka ule mto ulituingilia mpaka jikoni. Watu wa Mofu tumezoea maji, hatuyaogopi, lakini safari ile ukuta wa nyuma ulianguka wote. Baba akasema basi, imetosha. Akapata kiwanja Lipangalala, kule Ifakara, akajenga, tukafunga mizigo.

Siku ya kuhama baba alitupotezea asubuhi nzima. Alikuwa Mkristo safi, misa haikumpita, lakini alikuwa pia na mahoka wake, ndio wazee waliotangulia, na hakuona kwa nini Mungu achukizwe na mtu anayemuaga mama yake. Akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi la bibi, mama yake mzazi, aliyefariki mimi sijaota meno. Akanyunyiza unga wa mtama, akamimina maji, akachuchumaa, akaanza kumwelekeza njia.

"Mama, tunahama. Mto umetushinda. Tunakwenda Ifakara, Lipangalala. Ukitoka Kibaoni, ushike njia ya mkono wa kulia, uvuke kijito chenye gogo, halafu uulizie mtu yeyote. Nyumba yetu ni ile yenye mpapai mlangoni. Ukiona mpapai, umefika."

Alirudia mara tatu, vilevile, kama anayemtuma mtoto dukani. Mimi nimekaa juu ya furushi la mikeka nacheka mpaka mbavu zinauma. Nikamwuliza, "Baba, kwani bibi atakuja kuomba chumvi?" Hakunigombeza. Jina langu ni la bibi yule, kwa hiyo baba aliniita mama, na mtu hamgombezi mama yake. Alisema tu, "Anayehama bila kusema hutafutwa asionekane. Wewe umemwambia nani?"

Nilikuwa nimemwambia nani? Katekista wetu alikuwa mgeni, hana hata mwezi pale Mofu, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa maji. Niliona uvivu kuvuka. Nikasema hospitali nitaiandikia nikishafika. Nikafika. Kulikuwa na nyumba ya kukandika, kulikuwa na majani ya kufyeka, nikasema nitaandika kesho. Unaijua kesho ya mtu mvivu? Yangu ilichukua miezi miwili na zaidi. Ndiyo hivyo: mwenye kalamu hakuandika, na mzee asiyejua herufi hata moja alikuwa amekwisha kutoa taarifa yake yote.

Mwezi wa sita ukaingia. Msichana mmoja wa Kibaoni tuliyefanya naye mtihani akapita kwetu anaruka ruka, ameitwa. Nikampongeza, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Ilinijia akilini kwamba huenda barua yangu iko Mofu inanitafuta. Ilinijia kila siku. Lakini ningemwambia nani? Ningemwambia baba, niliyemcheka kaburini? Aibu ni mzigo mbaya, wenzangu. Nikanyamaza, nikajifanya nimeshindwa mtihani, nikaendelea kutwanga.

Basi, ikawa Jumanne moja. Mama alikuwa shambani, ana wiki nzima analinda mpunga usiliwe na ndege. Baba alikwenda kukata nyasi za kuezekea. Nilikuwa peke yangu jikoni na kambale mkavu chunguni. Nikasikia, "Hodi hapa. Hapa ndipo, au nimepotea tena?"

Nikatoka. Alikuwa bibi mmoja mfupi, kajifunga kaniki, kikapu kichwani, mkono mmoja kashika sikio lake la kushoto kama mtu anayesikiliza kitu. Sijapata kumwona.

"Karibu bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mpapai uko wapi?"

"Mpapai gani, bibi?"

"Wa hapa mlangoni. Niliambiwa kuna mpapai."

Kweli ulikuwepo. Uliangushwa na upepo hata mwezi haujaisha tangu tuhamie. Nikamwambia hivyo.

"Umeanguka," akasema, "nanyi mkakaa kimya. Mimi nimekwenda kwa jirani yenu huyo mwenye mpapai, nimeingia mpaka ndani, nimemsema kwa uchafu wa uwanja wake, kumbe si hapo. Mnaniaibisha kwa watu."

Wewe unayesikiliza umeshamjua. Mimi sikumjua. Mofu ina wazee wengi, nami niliona ni bibi wa ukoo katumwa na mtu, na wazee wa ukoo ndivyo walivyo, huingia wanagomba. Ila nakiri, kuna mambo niliyaona. Miguu yake ilikuwa mikavu, safi, haina hata tone la tope, na hakuna mtu aliyekuja Lipangalala siku zile bila tope. Kuku wote walikuwa wamenyamaza. Na alinukia udongo wa mtoni, ule wa kufinyangia vyungu. Utaniuliza kuhusu kivuli. Saa sita mchana, ndugu yangu, nani ana kivuli?

Hakukaa kwenye kigoda nilichompa. Alipita moja kwa moja jikoni, akafunua chungu, akachota kwa mwiko wangu, akaonja. Uso ukamkunjamana.

"Nani alikufundisha kupika samaki kama dawa ya tumbo?"

"Mama."

"Mama yako namjua. Leta ufuta."

Nikaleta. Akaukaanga yeye mwenyewe kwenye kigae, na kila nilipodhani atauepua hakuuepua, mpaka ukaanza kutoa moshi. Nikasema, "Bibi, unaungua." Akasema, "Unakaribia kuungua. Kukaribia ndiyo utamu wenyewe." Akautwanga, akaumimina chunguni, kisha akatoa jani moja la mlimao kwenye pindo la kaniki, bichi kabisa, akalidumbukiza. Mlimao haukuwepo kwetu Lipangalala. Ulikuwepo Mofu, nyuma ya ile nyumba iliyoanguka ukuta. Nililiona jani, nikaliacha lipite. Harufu ya mboga ile ilinitoa akili.

Alipomaliza akafuta mikono, akaingiza mkono kikapuni. "Haya, mke mwenzangu," akasema, maana bibi zetu hututania hivyo sisi wajukuu wa kike, "shika kilicho chako. Kimekaa mno kwa watu."

Ilikuwa barua. Bahasha imechakaa pembeni, jina langu juu, na chini yake: kwa katekista, Mofu. Nikaichana kwa meno. Nimeitwa. Nilisoma mstari ule mara nne. Nimeitwa, nifike hospitali kabla ya Jumatatu. Jumatatu hiyohiyo inayokuja. Siku sita.

Nilicheza, nasema kweli. Nilizunguka mafiga na barua kichwani, nikamshika yule bibi mikono nikamzungusha naye. Mikono yake ilikuwa baridi ya mtungi, nikaona raha tu. Alicheka na pengo lake la mbele, kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Furaha ile ninayo mpaka leo, nikiitafuta naipata.

Kisha akaacha kucheka. "Sasa huko unakokwenda ni wapi?"

"Ng'ambo ya mto bibi, upande wa Mahenge."

"Ng'ambo ni kubwa. Nyumba ipi?"

"Sijui vizuri."

"Hujui vizuri," akasema, akashika sikio. "Utaniambia unachokijua. Kabla hujaondoka uje mwenyewe uniambie. Usimtume baba yako. Baba yako hajui kuelekeza."

"Nije wapi, bibi?"

"Muulize. Anapajua."

Nikamwambia asubiri nimletee maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa hatua tatu kutoka pale. Nilipogeuka na kata ya maji, jikoni sikumkuta. Nikatoka mbio uwanjani. Nilikuwa nimefagia asubuhi ile, na juu ya ule mchanga kulikuwa na nyayo zangu na za kuku. Kuku wakaanza kulia wote kwa pamoja. Nikakaa chini na kata yangu mkononi, maji yakanimwagikia.

Baba alirudi na mzigo wa nyasi, ana njaa. Sikujua nianzie wapi, nikamtengea kwanza. Akakata tonge la ugali, akachovya, akala. Akaacha kutafuna. Akatazama bakuli, akanitazama mimi.

"Nani kapika?"

"Mimi, baba. Na bibi mmoja aliyekuja."

Akala tonge la pili polepole. Machozi yakaanza kumtoka, na huku anacheka, na huku anachovya. "Ufuta wa kuunguza," akasema. "Jani la mlimao. Tangu nimzike sijala mboga hii, mama. Mama yako alijaribu, shangazi zako walijaribu, mimi mwenyewe nilijaribu kwa siri." Akanyoosha bakuli. "Niongeze."

Nilikuwa sijamaliza kumweleza alipokuja jirani yetu, yule mwenye mpapai, mtu wa maneno mengi, ufagio bado uko mkononi. "Jamani, yule bibi yenu mfupi ni mkali. Kaingia kwangu ananiita mwanangu, kanishika shati, ananiambia uwanja huu ni zizi? Nimefagia mpaka nyuma. Ameshaondoka? Nataka nimwonyeshe."

Baba akamwuliza, "Alikuwa ameshika sikio?"

"La kushoto. Muda wote."

Baba alicheka mpaka akalala kwenye mkeka. Alipopata pumzi akasema, "Ni makosa yangu. Nilimwambia mpapai."

Niliogopa? Niliogopa, ndiyo, nikaenda kuangalia mikono yangu niliyomshika nayo. Lakini woga na furaha vilipokutana kifuani mwangu siku ile, woga ndio uliotoka nje. Na aibu nayo ilikuwa imefika mwisho. Nilipiga magoti nikamwambia baba yote: kwamba sikumwambia katekista, sikuiandikia hospitali, na kwamba barua ingeozea Mofu nami nikiwa nalia nyuma ya nyumba. Hakusema "nilikuambia". Alisema, "Sasa kaandike." Nikaandika jioni ileile: nimehama, nipo Lipangalala, Ifakara, barua nimeipata, nakuja. Barua hiyo ilifika hospitali wiki moja baada yangu. Mtawa aliniletea bwenini, akanisomea mbele ya wenzangu, tukacheka wote.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na ahadi. Lori la kwenda ng'ambo lilikuwa linaondoka Jumamosi asubuhi. Kwenda Mofu na kurudi kwa mtumbwi ni siku tatu, tena mto ukiwa na hisani. Nikamwambia baba, "Nikichelewa lori, nafasi imekwenda."

Akaniambia, "Bibi yako mfu kakuletea barua mpaka mlangoni. Wewe mzima unaogopa mtumbwi?"

Nikaondoka na wavuvi alfajiri ya Jumatano, tukalala njiani, Alhamisi mchana nikashuka Mofu. Safari hii sikuona uvivu, nilivuka maji nikaenda kwa katekista kwanza. Makatekista wote tuliwaita walimu. Alikuwa kijana mpole mwenye miwani, anachambua maharage barazani.

"Wewe ndiwe?" akasema niliposhamwamkia na kujitaja. "Barua yako nimekaa nayo wiki tano. Nimeuliza kila mtu, naambiwa wamehamia Ifakara. Ifakara sehemu gani? Hakuna ajuaye. Bahati akaja bibi yako. Vipi, alifika salama? Nilimwambia angoje mtumbwi, akasema atakwenda kwa miguu, na maji yote yale."

"Alikuja lini, mwalimu?"

"Jumanne. Asubuhi, natoka kupiga kengele ya sala." Akatabasamu. "Nilimwambia siwezi kumpa mtu barua hivi hivi, anithibitishie mnapokaa. Akanitajia kama anasoma kitabu. Ukitoka Kibaoni ushike njia ya mkono wa kulia, uvuke kijito chenye gogo, kuna mpapai mlangoni. Mara tatu, vilevile. Ndipo nikampa."

Jumanne asubuhi alikuwa Mofu. Jumanne hiyohiyo, saa sita, alikuwa jikoni kwangu. Nikamwambia mwalimu bibi yangu amezikwa wapi, na tangu lini. Maharage yakamwagika. Akafanya ishara ya msalaba, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nimefanya kosa kumpa?"

"Hapana, mwalimu," nikasema. "Yeye ndiye pekee tuliyemwambia."

Nikaenda kaburini peke yangu. Sikuwa na maneno makubwa. Nilinyunyiza unga, nikamimina maji, nikachuchumaa pale alipochuchumaa baba, na niliyekuwa namcheka nikawa mimi. Nikasema, "Bibi, nimekuja mwenyewe. Nakwenda ng'ambo, kwenye hospitali ya misheni. Ukivuka kivuko, fuata barabara inayopanda mlima. Uulize bweni la wanafunzi wakunga. Kitanda sijakijua, nikikijua nitakuletea habari." Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu nililia, lakini ni kilio kile cha harusini. Upepo ukapita kwenye ule mlimao, majani yakatikisika, nikachuma moja nikalitia kifuani. Jumamosi asubuhi nilikuwa juu ya lori, nimekaa kwenye magunia ya mpunga, baba chini ananipungia kofia.

Tangu siku ile nimehama mara tano, kituo hadi kituo, na sijahama kimya tena. Naiandikia ofisi, naandikia parokia, namwambia mwenye duka tunakopokelea barua, na majirani ninaowaacha nawaelekeza mpaka wanachoka. Halafu nashika njia ya Mofu. Wenzangu wa kazi hunicheka, nami nawaacha, maana najua kicheko hicho kilinifikisha wapi. Na katika kila nyumba niliyohamia, kabla mwezi haujaisha, kuna siku nafunua chungu changu nakuta ufuta ambao sikuutia. Siku hiyo simwambii mtu. Nakula, naongeza.

Kwa hiyo nawe unayefunga mizigo, usiseme utaandika kesho. Kuna mtu ana kitu chako mkononi sasa hivi na hajui akuletee wapi. Kaandike leo, na ukishaandika, wafuate na wale wasiojua kusoma, uchuchumae uwaambie kwa mdomo. Na unapoelekeza, taja kijito, taja mlima, taja kitu kinachokaa. Usitaje mpapai. Mpapai huanguka.